Kilichohama na Jina la Marthe

Kilichotangulia ni maji.

Asubuhi moja ya kiangazi, wakati hata mbwa wa mji wa Baraka walikuwa wameanza kutafuta kivuli, Jocelyne alifungua ofisi ya shirika la wakulima, akaondoa kitambaa kilichofunika kompyuta mpya, akakuta vibonye vyote vimelowa. Hayakuwa maji mengi. Yalikuwa kama ya mtu aliyetoka kuoga akaweka vidole pale bila kujifuta. Jocelyne aliangalia bati juu: kavu. Aliangalia dirisha: limefungwa, komeo mahali pake. Akainama akanusa, maana maji yale yalikuwa na harufu, na harufu hiyo anaijua kila anayekaa ufukweni mwa ziwa Tanganyika. Si ya samaki, si ya matope ya bandarini. Ni ile ya maji ya mbali, ya kina, inayopanda juu baada ya dhoruba na kuwafanya wavuvi wanyamaze.

Akampigia simu fundi Casimir, baba yake Merveille.

"Papa Merveille, mashini yako iko natoa jasho," alisema, akijaribu kucheka.

"Mashini haitoake jasho," Casimir alijibu. "Panguza, usiiwashe. Niko nakuja."

Casimir alikuwa mwanamume mpole, mwenye kibanda karibu na mahali motari, wale waendesha pikipiki, wanaposubiria abiria. Alitengeneza vingi, simu, redio, betri za sola, lakini kilichompa jina mjini ni kuhamisha. Mtu akinunua kompyuta mpya, Casimir alichukua kila kitu kwenye ile ya zamani, barua, picha, ukubwa wa maandishi, mlio wa kuwasha, hata rangi ya kile kishale cha skrini, akakiweka kwenye mpya, na kukiweka vizuri kiasi kwamba mwenyewe akikaa mbele yake mkono ulijiendea bila kuuliza. "Casimir anahamisha bantu," walisema, yaani anahamisha watu, na sifa hiyo ilifika hadi kwa wafanyabiashara wa dhahabu kule Misisi, naye alilipenda neno hilo.

Kompyuta ya ofisi ile alikuwa ameihamisha wiki hiyo hiyo. Na njiani, akiwa nyuma ya motari, vumbi likimwingia kinywani, alijua kwamba si maji yaliyokuwa yanamtia haraka. Kulikuwa na jambo alilolifanya kwenye mashine ile ambalo hakumwambia mtu.

Kabla ya Jocelyne, meza ile ilikuwa ya Marthe, mke wa Casimir. Marthe ndiye aliyekuwa akiandika habari zote za mbegu za muhogo na mahindi ambazo shirika liligawa, kwa wenyeji wa Lubondja na kwa wakimbizi wa Burundi wanaolima mashamba ya kuazima. Mwaka uliopita alikwenda Uvira kwenye mkutano, akapanda boti ya kurudi, na boti haikufika. Upepo uliigeuza mchana kweupe. Wengine waliokotwa. Marthe hakuokotwa. Casimir alikaa matanga bila sanduku na bila kaburi, na tangu hapo kila binti yao Merveille alipouliza mama yuko wapi, alimwonyesha mbinguni kwa kidole huku macho yake mwenyewe yakikimbilia ziwani.

Kompyuta ya Marthe ilibaki ofisini imefunikwa kitenge. Hakuna aliyeigusa mpaka shirika lilipoletewa mpya, na Jocelyne, msichana wa Kirundi aliyemalizia shule kambini Lusenda, alipopewa kazi. Patrice, mkuu wa ofisi, alimwita Casimir na kumpeleka uani, mbali na masikio ya watu.

"Ndugu yangu, kama iko nguvu kwako, inakuumiza roho, nitatafuta fundi mwengine," alisema.

"Hapana. Nitafanya mi mwenyewe."

"Basi sikia. Chukua kazi tu, mambo ya mbegu. Jocelyne umufungulie mahali pake, na jina yake. Pa Marthe, upafunge. Tumuache mama apumuzike."

Casimir aliitikia, na alikuwa na nia ya kutii. Lakini Patrice alipomwacha peke yake ofisini, skrini ya zamani ikawaka, likatokea jina, Marthe, na chini yake kile kisanduku kinachosubiri neno la siri. Casimir alilijua neno hilo. Aliliandika. Mashine ikalia mlio wa ndege ambao Marthe aliuchagua mwenyewe, na pakafunguka. Picha ya Merveille akiwa amesimama mbele ya ukuta wa nyumba yao. Maandishi makubwa, kwa kuwa macho ya Marthe yalianza kuchoka naye akakataa miwani. Kishale cha manjano, alichokipenda kwa sababu, alisema, kinafanana na kifaranga. Kila kitu mahali pake, kama chumba ambacho mwenyewe ametoka kuchota maji na atarudi sasa hivi.

Casimir aliegemeza paji la uso mezani, akakaa hivyo muda. Kisha akaunganisha mashine mbili kwa waya, akamhamisha Marthe mzima.

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko kawaida. Ule mstari wa kijani unaoonyesha vilivyokwisha kupita ulijaa hadi mwisho, na hesabu bado ikaendelea kupanda. Vilivyofika kwenye mashine mpya vilikuwa vingi kuliko vilivyokuwa kwenye ya zamani. Casimir aliliona hilo kwa macho yake ya kifundi, akaisingizia programu. Alipochomoa waya, ulikuwa baridi mkononi kama kitu kilichotolewa mtungini.

Asubuhi ile ya maji alifika ofisini, akafungua mashine kwa bisibisi. Ndani hakukuwa na tone.

"Ni unyevu," alimwambia Jocelyne. "Karibu na ziwa vitu vinakuwaga vile."

"Na hii jina? Kila asubuhi inaandika Marthe. Kwa nini haukutia yangu?"

"Nitabadilisha. Wiki yenye kuja."

"Mi iko naogopa kidogo, Papa Merveille, kukaa chini ya jina ya muntu mwenye alikufa. Na vile inaniitaka."

"Mashini haiitake muntu."

Jocelyne alitazama skrini, kisha akamtazama yeye. "Inaniita," alisema polepole.

Wiki ikapita, na nyingine, Casimir hakubadilisha jina. Mambo yakaanza kujipanga upya katika ofisi ile, kidogo kidogo. Jocelyne, ambaye macho yake yalikuwa mazuri ya ujana, alianza kukunja uso na kusogeza kichwa karibu na skrini. Alihamisha kiti kutoka kulia kwenda kushoto mwa meza, mahali kilipokuwa zamani, na ofisini hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia kilikuwa wapi. Akawa haendi kula mchana. Patrice alisoma ripoti zake, akaona sentensi zimeandikwa kwa namna anayoifahamu, zikianza na "Kwa heshima zote" na kumalizika na baraka kwa familia, akamuuliza nani alimfundisha kuandika hivyo. Jocelyne alimjibu kwa kunong'ona kwamba hata yeye akizisoma huwa anashangaa.

Patrice alimsimulia Casimir habari hiyo kama mtu anayetaka kuambiwa kwamba si kitu. Casimir akamwambia si kitu. Kesho yake mchana akaenda mwenyewe kuangalia.

Baraka ina saa yake ya kufa kila siku, jua likiwa utosini, wauza ndakala, dagaa wa ziwani, wamefunika mabeseni yao na motari wamelala chali juu ya pikipiki zao, na mtu anaweza kupita barabara nzima akasikia viatu vyake tu. Saa hiyo Casimir alisukuma mlango wa ofisi. Harufu ilimpokea kabla ya kitu kingine, harufu ya maji ya kina, nzito kama blanketi. Jocelyne alikuwa amekaa mbele ya mashine akimpa mgongo. Vidole vyake vilikuwa vikipiga vibonye kwa kasi ya mtu aliyeifanya kazi hiyo nusu ya maisha yake. Casimir alisogea pembeni aone uso wake. Macho yalikuwa yamefumbwa.

"Wilondja," Jocelyne alisema bila kugeuka. "Umekawia."

Wilondja ni jina ambalo Casimir alilirithi kwa babu yake. Mjini hakuna aliyemwita hivyo. Marthe alikuwa akimwita hivyo walipokuwa wawili tu.

Sauti haikuwa ya Jocelyne. Na lugha ilikuwa Kibembe, Kibembe safi, chenye ule mvuto wa watu wa milimani ambao Marthe aliuchukua kwa mama yake, na Jocelyne, mtoto wa Burundi, hakujua Kibembe hata cha kuombea maji. Na Casimir, badala ya kukimbia, badala ya kumtikisa yule msichana au kupiga kelele watu waje, alisikia ndani yake kitu kilichofanana sana na furaha, akavuta kiti cha wageni, akakaa nyuma ya kiti kile kama mtu aliyekaa nje ya mlango wa mgonjwa, na maji yakawa yanatoka chini ya miguu ya Jocelyne na kutambaa sakafuni taratibu mpaka yakagusa viatu vyake, naye hakuviondoa.

"Ni wewe?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ulinitoa kule. Usinirudishe. Kule ni baridi."

Mlio wa pikipiki nje ulimwamsha Jocelyne. Aligeuka, akashtuka kumwona mtu nyuma yake, akauliza amekuja lini. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

Casimir alirudi kesho yake saa ile ile, na siku zilizofuata. Alijiambia anaenda kuchunguza mashine. Ukweli ni kwamba alinyoa ndevu kabla ya kwenda, na alivaa shati ambalo Marthe alilipenda. Alikaa nyuma ya kiti, akazungumza na ile sauti juu ya nyumba, juu ya bei ya unga, juu ya mbegu za Lubondja zilizooza njiani. Ilijua kila kitu. Ilimkumbusha hata mambo aliyoyasahau. Akitoka hapo alikuwa mwepesi, akaanza tena kupiga mluzi barabarani, na majirani wakasema Mungu amemfuta machozi. Kuhusu yule msichana aliyekuwa akitumiwa kama bomba la maji, hakutaka kufikiri.

Jioni moja, jua bado halijazama, mama yake Jocelyne alifika nyumbani kwa Casimir. Aliitwa Mama Angeline, mkulima, mwanamke mfupi mwenye mikono migumu, na alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Alikataa kiti. Alibaki amesimama mlangoni.

"Papa Merveille, nisamehe kuja bila kuitwa. Mutoto wangu iko natapika maji."

"Ni malaria, mama. Mupeleke hospitali."

"Nilimupeleka. Balimupima, haina malaria. Iko natapika maji meupe, safi, na muchanga ndani yake. Asubuhi nywele zake zimelowa, na nyumba yetu haina hata ndoo ya kutosha kuoga. Iko nasema luga mwenye sisi hatuijue. Jirani moja Mubembe alimusikia. Aliniambia, huyu mutoto iko naita muntu anaitwa Wilondja."

Casimir alitazama chini.

"Nilimuuliza Jocelyne ni nani alimuwekea ile mashini," Mama Angeline aliendelea, bila kupandisha sauti. "Alisema ni wewe. Mi sijasoma. Sijui mule ndani munafanywaga nini. Lakini kitu ulichokiweka, tafazali, ukitoe. Nilivuka muto Rusizi na batoto bane. Nimebakia na huyu tu."

"Nitaangalia, mama," Casimir alisema. "Kesho nitaangalia."

Mama Angeline akamshukuru, na shukrani ile ilimchoma kuliko tusi. Usiku ule alikula, akalala, na kesho yake mchana akaenda ofisini akiwa amevaa lile shati.

Jocelyne alikuwa amekonda. Mabega yalichomoza kwenye blauzi yake kama ya mtoto, na vidole vilikuwa vimekunjamana ncha zake, vyeupe, kama vya mtu aliyekaa majini tangu alfajiri. Lakini sauti ilikuwa na nguvu kuliko siku zote, tamu, karibu, hata haikuhitaji tena kinywa chote.

"Wilondja, msichana huyu amechoka. Hatadumu sana."

"Mama yake alikuja kwangu," Casimir alisema.

"Basi mwachie aende zake. Mimi sina ubaya naye. Niletee Merveille."

"Merveille?"

"Mkalishe hapa kwenye kiti changu. Ni damu yangu, nitakaa vizuri ndani yake, hataumwa. Jioni utamrudisha nyumbani, tutakuwa watatu tena, utapika, nitakwambia chumvi imepungua. Mlete kesho. Wewe mlete tu mpaka mlangoni."

Na Casimir alikuwa tayari. Hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye kuliko kitu chochote alichokiona: kwamba kwa kitambo, akiwa ameketi pale maji yakimfika kwenye soksi, alikuwa akifikiria amvalishe mtoto gauni gani, na amwambie nini mwalimu, na apite njia ipi wasikutane na Mama Angeline, mawazo hayo yakipita kichwani mwake kwa utulivu kabisa, moja baada ya jingine, mpaka lile jina lilipogonga mahali ndani yake na kukataa kupita. Merveille. Mtoto yule, kwa desturi ya ukoo, alihesabiwa badala ya mama mzazi wa Marthe, na kwa hiyo, kama wafanyavyo wanawake wengi wa huko, Marthe hakumwita kwa jina. Alimwita Mama. "Mama, njoo ule." "Mama, vaa viatu." Merveille lilikuwa jina la shule na la majirani. Marthe aliliandika kwenye mashine ile, chini ya picha, katika barua. Kulitamka, Casimir hakuwahi kumsikia akilitamka hata mara moja.

Akawaza pia jina Wilondja. Marthe alikuwa akimwandikia barua fupi kutoka pale ofisini, za utani, akimwita hivyo. Akawaza bei ya unga, mbegu zilizooza, chumvi. Yote yaliwahi kuandikwa.

"Siku ile unaenda Uvira," alisema, na ulimi wake ulikuwa mzito, "uliniambia nini mlangoni?"

Vidole vya Jocelyne vikaanza kukimbia. Kwenye skrini barua zilifunguka na kufungwa zenyewe, picha zikapita, ripoti, orodha za mbegu, barua tena, haraka kuliko jicho linavyoweza kusoma, kama mtu anayepekua nyumba isiyo yake akitafuta kitu kabla mwenyewe hajarudi. Kishale cha manjano kiliruka huku na huku. Kichwa cha Jocelyne kilikuwa kimeinama upande, kinasikiliza.

"Nilikwambia nakupenda," sauti ilisema mwishoni.

Siku ile Marthe alimwambia aanue muhogo, mvua inakuja. Hayo tu.

Casimir alisimama, kiti kikaanguka. Alirukia ukutani, akachomoa waya wa umeme. Skrini haikuzimika. Jocelyne aligeuka polepole, macho bado yamefumbwa, na kutoka kwenye kinywa chake, pamoja na maji, zikatoka sauti nyingi kwa mara moja, za wanaume na wanawake, zote zikisema Wilondja.

Alitoka mbio. Hakwenda polisi wala hospitali. Alikwenda kando ya mto Mutambala, kwenye chumba cha maombi cha Mama Suzanne, mjane aliyeuza sabuni sokoni na ambaye watu walimpelekea wale ambao dawa zilishindwa kuwaponya. Alimkuta anakata miche ya sabuni kwa uzi. Akamwambia yote, hata lile la gauni.

Mama Suzanne alimsikiliza akiendelea kukata.

"Jini ya maji haina sura," alisema alipomaliza. "Inaazimaga. Mahali bantu balikufa bila kuzikwa, inakaa hapo, inaokota. We uliipatia sura ya bibi yako Marthe, sauti yake, na kiti ya kukaa. Kwa nini itoke?"

"Utaweza kuifukuza?"

"Mi nitaishika. Lakini mulango ulifungua we, kwa mukono yako. Utaifunga we."

Walifika ofisini jua likiwa bado kali. Motari aliyetumwa alikuwa ameshamleta Mama Angeline, naye Patrice alikuwa amesimama uani, amekunja mikono kifuani, hathubutu kuingia. Mama Suzanne alivua viatu, akaingia ndani ya maji yale pekupeku kana kwamba hayapo. Aliweka mkono mmoja juu ya kichwa cha Jocelyne na mwingine mgongoni, akaanza kuomba kwa Kibembe, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeongea na jirani mkaidi.

"Jina yako?"

"Marthe," sauti ilisema.

"Hapana. Ile uliikuta. Yako."

Jocelyne alitetemeka mpaka meno yakagongana. Mama Angeline alipiga magoti akamshika miguu, akiomba kwa Kirundi, huku maji yakimpanda kwenye kitenge.

"Haina jina," Mama Suzanne alisema bila kumtazama mtu. "Papa Merveille, fanya kazi yako."

Casimir aliinama juu ya bega la Jocelyne, akashika kipanya. Kilikuwa baridi, kinateleza. Alijua njia: majina ya wanaotumia mashine, kisha Marthe, kisha kufuta. Kila alipobofya, mlio wa ndege ulilia. Ulilia tena, ukalia tena, bila kukoma. Picha ya Merveille ilijaza skrini nzima. Nyuma ya mtoto, ukuta wa nyumba ulikuwa umelowa, na alama ya maji ilikuwa imefika kiunoni mwake, na alipotazama tena ilikuwa kifuani.

Swali likatokea, kama linavyotokea siku zote: una hakika? Vitu vyote vya mtumiaji huyu vitapotea.

"Wilondja," sauti ilisema, na safari hii ilikuwa ya Marthe kabisa, hata ule mkwaruzo mdogo wa asubuhi, "hukunizika. Huna kaburi la kwenda. Mimi niko hapa tu. Picha zangu zote ziko hapa, barua zangu ziko hapa, ukibonyeza hapo utabaki na nini? Mwanao atakuuliza nilikuwa na sura gani. Maji yalinichukua mara moja, na wewe unanipeleka mara ya pili kwa kidole chako, mume wangu, mume wangu, kidole kile nilichokivika pete."

Machozi yalimtoka hata hakuona maandishi. Alijua kwamba huenda anafanya kosa. Huenda mtu aliyezama husahau alivyomwita mwanawe. Huenda muhogo haukumbukwi chini kule. Alitazama mkono wa Jocelyne uliokuwa karibu na wake, ngozi yake nyeupe, iliyokunjamana, ya mtu anayezama mahali pakavu.

"Anua muhogo," Casimir alisema, na akabonyeza.

Ndege alikatika katikati ya mlio. Jocelyne alijikunja akatapika, maji na mchanga mweusi na tena maji, kwa muda ambao ulionekana hautaisha, mama yake amemkumbatia kwa nyuma asianguke. Kisha akavuta pumzi, pumzi ndefu yenye kelele, kama ya mtoto anayezaliwa, akalia kwa Kirundi akimwita mama yake. Harufu iliondoka palepale. Ilibaki joto, na nzi dirishani.

Disiki za mashine zote mbili Casimir alizitoa mwenyewe. Patrice alitaka zikatupwe ziwani, Mama Suzanne akamkataza. "Huko ndiyo kwabo," alisema. Wakaziweka kwenye jiko la makaa uani, wakapuliza mpaka zikapinda.

Casimir hakuhamisha tena mtu. Mteja akimletea kompyuta mbili, alimwambia aende kwa vijana wa Uvira. Alibaki na simu na redio. Alimtafuta mzee mmoja wa ukoo wa Marthe, wakazika kitenge cha Marthe na viatu vyake nyuma ya kanisa, wakaweka msalaba, na Merveille alipouliza mama yuko wapi alimpeleka pale kwa mkono.

Jocelyne alirudishwa Lusenda, akauguzwa. Mvua zilipoanza alikuja Baraka na mama yake kusalimia, wamebeba maharage ya shamba lao. Alikuwa amenenepa kidogo. Mama Angeline alipoingia jikoni kuweka maharage, Jocelyne alisogeza kiti chake karibu.

"Papa Merveille, kuko kitu mwenye sikuambia muntu. Zile siku, sikukuwa nalala. Nilikuwa mahali. Maji, na giza, na baridi, na bantu bengi sana, bamesimama tu. Nilikuwa najua sura ya bibi yako kwa foto yake mwenye nilionaka mu mashini ya ofisi. Nilimutafuta, nilisema labda atanionyesha njia. Nilizunguka bote, moja moja. Hakukuwako."

Casimir alifunika uso kwa viganja.

"Asante, mutoto wangu," alisema mwishowe. "Hayuko kule. Asante."

"Ndiyo. Hayuko." Jocelyne alitazama mlangoni, kuhakikisha mama yake hasikii. Sauti yake ikashuka hadi ikabaki pumzi. "Lakini bale bengine banakujua. Balikuwa banakuja karibu yangu, mumoja mumoja, banauliza. Banasema, ule muntu mwenye anahamishaka bantu, sisi atatuhamisha lini?"